Shaba na kobalti: anayejua kilicho chini ndiye mwenye mgodi

Julai 2022, shehena za mgodi wa Tenke Fungurume zilizuiwa kutoka nje ya Kongo. Mgodi uliendelea kuchimba na kuchenjua kama kawaida, lakini shaba na kobalti (metali ya kutengenezea betri) viliishia kwenye maghala ya jimbo la Lualaba hadi Mei 2023. Wengi waliofuatilia habari hizo juu juu walidhani ni mvutano wa kodi, kama ule tuliozoea kuusikia kila serikali inapobadilika. Mzizi wa ugomvi ulikuwa kwingine. Gécamines, shirika la umma lenye asilimia 20 ya hisa, lilikuwa likimtuhumu mbia wake, kampuni ya CMOC ya China yenye asilimia 80, kwamba hakutangaza ipasavyo ni tani ngapi za madini zimo ardhini.

Kwa nini idadi ya tani ambazo hazijachimbwa iwagombanishe wabia kiasi hicho? Kwa sababu mkataba wa mgodi huo una kipengele kinachosema kwamba akiba iliyothibitishwa ikivuka tani milioni 2.5 za shaba, kila tani 100,000 za ziada zinalipiwa dola milioni 1.2. Kwa maneno mengine, mwenye ardhi analipwa kadiri mgodi unavyogundua kwamba mashapo, yaani madini yaliyorundikana ardhini, ni makubwa kuliko yalivyodhaniwa. Ni kipengele kizuri, na natamani kingekuwemo katika mikataba mingi zaidi. Ila kina tundu moja: anayechoronga (kutoboa mwamba), anayepima, anayekokotoa na kutangaza kwamba akiba imeongezeka ni yuleyule anayepaswa kulipa. Gécamines ilibaki kumdai mtu kwa hesabu za daftari la huyo mdaiwa mwenyewe.

Mgogoro uliisha kwa makubaliano. CMOC ilikubali kulipa dola milioni 800 kwa awamu kati ya 2023 na 2028, na Gécamines ikahakikishiwa gawio la dola bilioni 1.2 katika uhai wa mradi. Fedha hizo si haba. Hata hivyo, zilipatikana kwa kufunga mpaka, kwa kesi mahakamani na kwa miezi karibu kumi ya hasara kwa pande zote mbili. Msimamo wangu ni kwamba mabishano yetu kuhusu shaba na kobalti, iwe ni mrabaha (sehemu ya mauzo inayolipwa serikali), hisa za bure ambazo serikali hupewa bila kulipia, au marufuku ya kusafirisha nje, huwa yanaanza yakiwa yamechelewa. Sehemu kubwa ya kile ambacho nchi itapata huamuliwa mapema zaidi, katika miaka ya utafutaji na upembuzi yakinifu, pale ambapo mwamba unatobolewa na mtu fulani anaandika tarakimu. Serikali isiyokuwepo hapo inakuja baadaye kujadiliana gizani.

Kuna wakati shaba ya Katanga, eneo la kusini mwa Kongo ambalo Lualaba ni sehemu yake, haikuhitaji kutafutwa. Vilima vyenye mashapo vilikuwa vipara katikati ya misitu ya miombo, kwa sababu miti haistahimili udongo wenye sumu ya shaba. Juu yake viliota vimimea vichache vilivyozoea hali hiyo, na maua yake yalitumiwa na watafutaji wa madini kama ishara. Malakaiti, jiwe la kijani la shaba, lilionekana kwa macho. Wahunzi wa Katanga waliliyeyusha karne nyingi kabla ya mkoloni na kufua misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha hadi mbali sana na huko. Jules Cornet, mwanajiolojia wa Kibelgiji, alipopita Katanga mwaka 1892, alioneshwa machimbo ambayo wenyeji walikuwa wakiyafanyia kazi tangu enzi. Alichofanya yeye ni kuyachora na kuyaeleza kwa lugha ya sayansi ya Ulaya, na ripoti zake zikaenda Ubelgiji.

Kuanzia hapo ujuzi wa kilicho chini ulikuwa na makao nje ya Katanga. Union Minière, kampuni ya madini ya Kibelgiji, iliundwa mwaka 1906, shaba ya kwanza ikamiminwa Lubumbashi mwaka 1911, na kwa nusu karne kila shimo la utafiti na kila ramani ilizaa nakala iliyovuka bahari. Jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, hadi leo lina hazina kubwa ya ramani, sampuli na kumbukumbu za kijiolojia za Kongo. Hilo si jambo la kihistoria tu. Julai 2025 serikali ya Kinshasa ilisaini makubaliano ya awali na KoBold Metals, kampuni ya Marekani inayotafuta madini kwa msaada wa akili unde, na suala la kuzigeuza kumbukumbu hizo kuwa za kidijitali likawa sehemu ya mpango. Kampuni yenye mabilionea nyuma yake inazitaka karatasi za enzi za ukoloni. Ingekuwa vizuri nasi tujiulize wameona nini ndani yake.

Walichoona ni kwamba mashapo rahisi yamekwisha kujulikana. Kilichobaki kimefunikwa. Mfano mkubwa ni Kamoa, magharibi mwa mji wa Kolwezi. Kwa miongo mingi wataalamu waliamini kwamba ukanda wa shaba unaishia Kolwezi, maana ng'ambo yake ardhi imefunikwa na mchanga wa Kalahari na hakuna kilima kipara wala ua la kuonesha njia. Kampuni ya Ivanhoe ya Robert Friedland ilichukua leseni huko, ikapima kemia ya udongo, kisha ikachoronga. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ikatangaza Kamoa. Mwaka 2016 ikaongeza Kakula, yenye sehemu ambazo kiwango cha shaba kinapita asilimia 5, wakati migodi mingi mikubwa ya Amerika Kusini inachimba mwamba wenye chini ya asilimia 1. Uzalishaji ulianza Mei 2021. Kati ya ugunduzi na shaba ya kwanza ilipita zaidi ya miaka kumi, na hiyo katika sekta hii inahesabiwa kuwa haraka.

Katika miaka hiyo kumi na zaidi, kuna kazi ambayo umma hauioni kabisa, nami nataka kuisogeza karibu. Mtambo wa kuchoronga unazungusha bomba lenye ncha ya almasi, unashuka mita mia moja, mia mbili, mia tano, na kupandisha juu kipande cha mwamba chenye umbo la mche duara. Vipande hivyo vinapangwa kwa mfuatano kwenye masanduku yenye mifereji, kila kimoja kimeandikwa kina chake. Mwanajiolojia anavisoma kama kurasa: hapa mwamba wa dolomaiti, hapa mishipa ya malakaiti, hapa vumbi jeusi. Baadaye kipande kinakatwa katikati kwa msumeno. Nusu inabaki sandukuni kuwa ushahidi, nusu inasagwa na kupelekwa maabara.

Lile vumbi jeusi ndilo lenye kesi. Kobalti ya Kongo iliyo karibu na uso wa ardhi hukaa zaidi katika heterojenaiti, madini meusi ambayo mara nyingi ni laini na yamejaa kwenye nyufa. Mtambo wa kuchoronga unapoozwa kwa maji, ulaini huo ni hatari: maji huosha heterojenaiti na kuacha mwamba mgumu usio na kitu. Sampuli inatoka pungufu, na pungufu hiyo ndiyo hasa sehemu yenye thamani. Mchorongaji mwangalifu anapunguza mwendo, anabadilisha mabomba, anapima kila mita ni sentimita ngapi zimepatikana. Asiyejali anaandika kile kilichotoka, na tani elfu kadhaa za kobalti zinatoweka kwenye karatasi kabla hazijawahi kuwepo. Si lazima mtu awe mwizi ili hili litokee. Inatosha kwamba hakuna mtu mwingine aliyesimama pale akiwa na maslahi ya kuuliza.

Kuna jambo la pili kuhusu kobalti ambalo linabadilisha mradi mzima. Kwa mamilioni ya miaka maji ya mvua yaliyopenya ardhini yaliyeyusha madini ya juu na kuyashusha. Shaba ilishuka zaidi na kurundikana chini. Kobalti ilisafiri kidogo, ikabaki kama kofia karibu na uso. Ndiyo maana mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, mkazi aliyekuwa akichimba uani kwake alikuta kobalti bila mtambo wowote, na muda mfupi baadaye nyumba nyingi za jirani zikawa na mashimo hadi vyumbani. Na ndiyo maana mgodi mpya wa wazi unaweza kutoa kobalti nyingi miaka yake ya mwanzo, kisha kiwango kikashuka kadiri shimo linavyoongezeka kina. Serikali inayokubali msamaha wa kodi au unafuu wowote kwa miaka ya kwanza ya uzalishaji inapaswa kuelewa kwamba huenda inasamehe sehemu nono kuliko zote. Hilo linaonekana kwenye masanduku ya sampuli kwa yeyote anayejua kuyasoma, miaka kadhaa kabla ya kusaini.

Sasa tuje kwenye hesabu zenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Tunaposikia mgodi una akiba ya tani kadhaa, tunafikiri ni kitu cha kudumu kilichopimwa kama magunia ghalani. Sivyo. Wataalamu wanatenganisha rasilimali, yaani madini yanayokadiriwa kuwepo, na akiba, yaani ile sehemu inayoweza kuchimbwa kwa faida. Rasilimali nayo ina ngazi: iliyokisiwa kwa mashimo machache yaliyo mbalimbali, ile yenye uhakika wa wastani, na iliyopimwa kwa mashimo ya karibu karibu. Kupanda kutoka ngazi moja kwenda nyingine kunategemea nani ameamua kuchoronga wapi, na lini. Kampuni isiyochoronga eneo fulani haidanganyi ikisema halina akiba. Imechagua tu kutojua kwa sasa.

Juu ya hayo kuna kiwango cha chini cha kuchimba, ile asilimia ambayo mwamba ukiwa chini yake unatupwa kama kifusi. Kiwango hicho hutokana na bei inayotarajiwa na gharama. Tuchukue kobalti. Mwaka 2022 tani moja ilivuka dola 80,000. Kufikia Februari 2025 ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 21,000, kiasi kwamba tarehe 22 mwezi huo Kongo ilisimamisha mauzo yote ya nje, kisha kuanzia Oktoba ikaweka mgao wa tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ikapanda zaidi ya maradufu. Mashapo yaleyale, mwamba uleule, lakini ukikokotoa akiba kwa bei ya Februari 2025 na kwa bei ya mwishoni mwa mwaka huo utapata migodi miwili tofauti. Nani huchagua bei ya kutumia kwenye ukokotoaji? Kampuni. Inaweza kuwa na sababu nzuri za kuchagua bei ya tahadhari, na mabenki hupenda hivyo. Lakini mrabaha wa ziada, ukubwa wa eneo linaloombewa leseni, umri wa mgodi na hata thamani ya hisa za umma vyote vinazaliwa na chaguo hilo.

Zipo kanuni za kimataifa za kutangaza akiba, nami sizibezi. Zilikazwa baada ya kashfa ya Bre-X ya mwaka 1997, pale kampuni ya Kanada ilipodai kugundua dhahabu nyingi ajabu Indonesia, na ikabainika kwamba sampuli zilikuwa zimechanganywa na dhahabu ya kutoka kwingine. Tangu hapo Kanada hudai ripoti itiwe saini na mtaalamu anayewajibika, maabara zichanganyiwe sampuli za majaribio ambazo jibu lake linajulikana, na mbinu zote zielezwe. Ni mfumo mzuri. Ila tuone umetungwa kumlinda nani: mnunuzi wa hisa wa Toronto. Hofu yake ni kwamba kampuni itatia chumvi. Hofu ya mwenye ardhi ni kinyume chake, kwamba kampuni itapunguza, itachelewesha au itanyamaza, na kwa hofu hiyo kanuni za masoko ya hisa hazina dawa kubwa. Mwenye hisa ana mkaguzi wake, benki inayokopesha ina mhandisi wake, mnunuzi wa kobalti ana maabara yake. Mwananchi wa Lualaba anategemea idara ambayo mara nyingi haina gari la kufika kwenye eneo la leseni.

Matokeo ya kujadiliana bila tarakimu zako mwenyewe yamekwisha onekana. Mwaka 2013 jopo la maendeleo ya Afrika lililoongozwa na Kofi Annan lilichambua mikataba mitano ya madini ya Kongo ya kati ya 2010 na 2012, ambamo hisa za umma ziliuzwa chini sana ya thamani yake, na likakadiria hasara ya dola bilioni 1.36. Fedha hizo zilizidi bajeti za afya na elimu za nchi hiyo zikijumlishwa pamoja. Rushwa na usiri vilitajwa sana wakati huo, na ni haki vitajwe. Lakini rushwa hupata kichaka cha kujificha pale ambapo thamani ya kitu kinachouzwa haijulikani hadharani. Kama kungekuwa na tathmini ya serikali iliyochapishwa, yenye idadi ya mashimo, kiwango cha madini na bei iliyotumika, waziri angeuza vipi kwa robo ya thamani na kurudi nyumbani kulala?

Najua jibu ambalo nitapewa. Utafutaji ni kamari. Leseni nyingi haziishii kuwa mgodi. Serikali maskini haiwezi kuzika mamilioni ya dola kwenye mashimo yanayoweza kutoka matupu wakati hospitali hazina dawa. Hoja hiyo ina uzito, nami nakubaliana nayo kwa sehemu ya mwanzo ya kazi. Kutafuta mashapo mapya kabisa chini ya mchanga, kama alivyofanya Friedland, ni kazi ya wenye mitaji ya kupoteza. Waachwe waicheze hiyo kamari, na wakishinda wafaidi.

Ila kutafuta na kuhakiki ni vitu viwili tofauti. Mashapo yakishapatikana, gharama ya kuweka wanajiolojia wawili watatu wa serikali kwenye banda la sampuli, kutuma sehemu ya ile nusu iliyobaki sandukuni kwenye maabara nyingine, na kumlipa mtaalamu huru arudie ukokotoaji, ni ndogo mno ukiilinganisha na dola milioni 800 ambazo zilibidi zigombaniwe Tenke. Isitoshe, sehemu kubwa ya mashapo yanayoendelezwa Katanga hayakugunduliwa na kampuni zinazoyachimba leo. Tenke Fungurume yalijulikana tangu enzi za ukoloni. Kampuni ya ubia iliundwa mwaka 1970 na kuyachoronga, ikaacha mwaka 1976 baada ya kutumia fedha nyingi. Mkataba mwingine ukaja mwaka 1996. Uzalishaji ulianza 2009 chini ya Freeport ya Marekani, ambayo mwaka 2016 ilikubali kuuza asilimia 56 yake kwa CMOC kwa dola bilioni 2.65. Angalia mfuatano huo. Kila mara mikono ilipobadilika, kilichouzwa kilikuwa kwa sehemu kubwa data: mashimo yaliyochorongwa, mifano ya kompyuta inayochora mashapo yalivyolala ardhini, vipimo vya maabara. Miaka minne baadaye Freeport iliuza Kisanfu, mashapo ya jirani ambayo wakati huo yalikuwa hayajaanza hata kuchimbwa, kwa dola milioni 550. Kisanfu haikuwa na kiwanda wala shimo. Dola milioni 550 zilikuwa bei ya leseni na ya kujua kilichomo.

Gécamines yenyewe iliwahi kuwa na ujuzi huo. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka, ikiwa na wanajiolojia wake, maabara zake na shule zake. Kisha yakaja madeni, ukosefu wa vipuri, fedha za kampuni kuchotwa na utawala wa Mobutu, na Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Watu wanaposimulia anguko hilo hutaja mitambo iliyokufa na mishahara isiyolipwa. Mimi nahesabu pia wale wataalamu waliozeeka bila warithi na makabrasha yaliyooza kwenye stoo. Mitambo inanunulika upya. Mtu anayejua kwamba shimo fulani la mwaka 1974 lilipoteza nusu ya sampuli zake hanunuliki.

Majirani wameanza kulitazama hili kwa jicho jipya. Tanzania, ambayo kwa sheria huchukua hisa za bure zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa, imejiwekea lengo la kuinua eneo lililopimwa kwa jiofizikia ya kina, yaani vipimo vya mwamba vinavyochukuliwa kwa ndege, kutoka asilimia 16 ya nchi hadi asilimia 50 ifikapo 2030. Ni mwelekeo sahihi. Vipimo vya kutoka angani havitoi akiba, lakini vinamwezesha mtoa leseni kujua anachogawa, na kutokubali eneo zuri likaliwe miaka mitano na dalali asiyekuwa na mtambo hata mmoja.

Kongo nayo imeboresha sheria. Marekebisho ya mwaka 2018 yalipandisha hisa za bure za serikali kutoka asilimia 5 hadi 10, mrabaha wa shaba kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mrabaha wake ukafika asilimia 10. Mrabaha umegawanywa pia: asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mtaa ambako mgodi upo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Nayaunga mkono yote hayo. Lakini asilimia ni ya kitu, na kitu chenyewe bado kinapimwa na mlipaji.

Upembuzi yakinifu una uamuzi mwingine ambao wananchi huukuta umeshafungwa. Mwamba wa juu, wenye madini ya kijani na meusi, huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kisha shaba hutolewa kwa umeme kama mabamba safi ya asilimia 99.99, na kobalti hugandishwa kuwa hidroksaidi inayosafirishwa nje, hasa China, ikasafishwe huko. Mwamba wa chini wenye salfaidi, yaani madini yaliyoungana na salfa, unahitaji njia nyingine. Sasa, dolomaiti hula asidi. Mashapo mawili yenye shaba sawa yanaweza kutofautiana mno kwa gharama, kwa sababu moja lina dolomaiti nyingi na kila tani ya mwamba inameza asidi mara kadhaa zaidi. Ndiyo sababu maabara hupima shaba yote na pia shaba inayoyeyuka kwa asidi, na mtu anayeoneshwa tarakimu ya kwanza tu hajaoneshwa mgodi. Asidi hiyo italetwa kwa malori au itatengenezwa hapohapo; umeme utatoka bwawa la Inga kwa waya wa kilomita 1,700, au Zambia, au kwa dizeli; tope la mabaki litawekwa kwenye bwawa mahali fulani, juu ya mto wa mtu fulani.

Bwawa hilo huchorwa mezani miaka mingi kabla ya tope la kwanza. Februari 2025 bwawa la mabaki la Sino-Metals karibu na Chambishi, Zambia, lilipasuka na kumwaga tope lenye asidi kwenye kijito kinachoingia mto Kafue. Samaki walikufa, mashamba yakaungua, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Wakulima wa bonde lile hawakuwa na kiti pale eneo na kuta za bwawa vilipokuwa vikiamuliwa. Nchini Kongo, sheria inazidai kampuni kuandika ahadi zake kwa jamii na kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Hiyo ni shule, visima na zahanati, na zinahitajika. Lakini mahali pa bwawa, barabara ya malori na vijiji vya kuhamishwa vinakuwa vimeshapigiwa mstari kwenye upembuzi, na mjadala na wenyeji unakuwa wa kiasi cha fidia peke yake.

Ninachodai kinatekelezeka, na hakihitaji kutaifisha kitu. Leseni ya utafutaji isigeuzwe kuwa ya uchimbaji kabla serikali haijapokea data zote ghafi, yaani kila shimo, kila kipimo cha maabara, na mfano wa kompyuta wenyewe, badala ya muhtasari uliofungwa kwa jalada zuri. Nusu ya sampuli iliyobaki sandukuni iwe mali ya umma na itunzwe nchini, kwenye mabanda yenye paa na ulinzi. Akiba ikaguliwe upya na mtaalamu huru kila baada ya miaka michache, kwa bei ambayo serikali imeitangaza kabla, na ripoti ichapishwe. Mikataba yenye kipengele kama cha Tenke itaje ni nani atakayehesabu. Wanafunzi wa jiolojia wa Lubumbashi wawekwe kwenye mabanda hayo tangu shimo la kwanza, walipwe na serikali, na waendelee na mashapo yaleyale hadi shaba itoke.

Na zile kumbukumbu za Tervuren zinapogeuzwa kuwa za kidijitali, nakala ya kwanza iliyokamilika iende Kinshasa na Lubumbashi, iwe wazi kwa mtafutaji yeyote kwa ada ileile, kabla kampuni yoyote haijakaa nayo peke yake hata kwa mwezi mmoja. Aliye na karatasi hizo mezani anajua ni viwanja vipi vya kuombea leseni.